Ua la Plastiki Halimdanganyi Mtu

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Ikiwa ni hivyo, basi hakuna kitu kibaya duniani kama ua la plastiki, kwa maana limejitembeza wee mpaka likachoka. Limetoka kiwandani China, likapanda meli, likateremka bandarini Mombasa, likabebwa na lori mpaka Nairobi, likalala Gikomba au Kamukunji, likachukuliwa na mchuuzi aliyelizungusha mitaani tangu asubuhi hadi magharibi, na mwisho wa safari likaketi sebuleni kwenu, ndugu msomaji, kando ya runinga, juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Usikatae. Nyumba nilizoingia katika nchi hii ni nyingi, na zile ambazo sikulikuta ua hilo naweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Muhula uliopita chama chetu kiliandaa mjadala wenye mada, "Maua ya bandia hayana nafasi katika nyumba ya Mwafrika." Mnakumbuka ulivyokuwa. Upande wa watetezi wa mada ulishinda kwa makofi na vifijo, na sisi wapinzani tukaambulia patupu. Sina kinyongo, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini mambo hayakuishia hapo. Wiki moja baadaye, barua ilitundikwa kwenye ubao wa matangazo, ikimwomba mwalimu mkuu aamuru maua ya plastiki yaliyo mezani pa karani wetu yaondolewe, pale ofisini wazazi wanapolipia karo, eti yanaiaibisha shule inayojidai kupenda mazingira. Chini ya barua kuna mistari ya sahihi za wanachama. Hapo ndipo nilipoishika kalamu. Mjadala ni mchezo, jamani, lakini kumwondolea mtu mzima maua yake mezani si mchezo.

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi ni chama cha Kiswahili. Msemaji wa kwanza wa watetezi alisimama, akakohoa kidogo kama hakimu, akatamka kwamba bandia ni bandia: noti bandia ni jinai, dawa bandia ni mauti, cheti bandia ni jela, na kwa hivyo ua bandia ni uongo uliowekwa mezani. Ukumbi ukalipuka. Nakiri kwamba alisema kwa ufasaha. Ila neno hilo lina mtoto mwingine ambaye hakumtaja. Mtoto wa bandia ni nani? Si ni mwanasesere, yule wa vitambaa na vijiti ambaye wadogo zetu humbeba mgongoni, wakamwogesha na kumlaza? Yupo mzazi aliyewahi kukimbilia kituo cha polisi kwa sababu bintiye ana mtoto wa bandia? Hayupo. Noti bandia hutengenezwa ili mwenye duka adanganyike aipokee. Ikijulikana tu, kazi yake imekwisha. Mwanasesere hujulikana tangu mwanzo kuwa si mtoto, na bado kazi yake inaendelea, tena inaendelea vizuri.

Sasa niambieni, ua la plastiki ni ndugu ya nani kati ya hao wawili? Mgeni akiingia na kukaribishwa kiti, akaliona ua jekundu lenye matone ya gundi yanayojifanya umande, je, huinama kulinusa? Humsifu mwenye nyumba kwa ustadi wake wa kilimo? La hasha. Nilimwona mtoto wa jirani, hajafika hata miaka minne, akilivuta jani la ua kama hilo na kutangaza, "Hii ni ya uwongo-uwongo," kisha akalichezea kwa furaha. Alijua. Mama mwenye ua alijua. Mchuuzi aliyeliuza alijua pia, na wala hakumwambia mama kwamba limechumwa asubuhi. Hapo ametapeliwa nani?

Mada ilitaja pia "nyumba ya Mwafrika", na msemaji wa pili, mwenzetu atokaye Pwani, akatusimulia habari za asumini. Hiyo ndiyo sehemu ya mjadala niliyoipenda kuliko zote, na naomba kuirudia kwa faida ya wale waliokuwa zahanati siku hiyo (au waliosema wako zahanati). Huko Lamu na Mombasa, na hata ukivuka kwenda Unguja, wanawake hufunga kikuba. Asumini, mrehani, mkadi, na pengine kilua na waridi, huunganishwa vikawa shada dogo la kubandikwa nguoni au kuchomekwa nyweleni. Asumini huchumwa zikiwa bado matumba, zikatungwa kwa uzi, na usiku zinapofunguka chumba kizima hujua. Bi harusi hutandikiwa maua hayo kitandani. Mwenzetu akauliza: watu wenye desturi tamu namna hiyo watawezaje kuketi na plastiki isiyonukia?

Swali zuri, lakini lilijijibu lenyewe. Kikuba ni cha pua. Sijasikia habari za mtu aliyekitia kwenye jagi la maji akakiweka katikati ya meza ili wageni wakitazame. Asubuhi kimenyauka, kazi yake imekwisha, hakuna anayelia. Na ua la kutazamwa, huyo huyo Mswahili analiweka wapi? Analichonga kwenye mlango! Nenda Lamu ukaitazame milango ya mbao ya Mji wa Kale, ule mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Utaona maua yaliyochongwa kwa patasi, na hayajapata kunyauka hata siku moja. Analichapa pia kwenye leso, kwenye pindo na kwenye mji, maua makubwa kama sahani. Na leso hizo, tusisahau, kwa miaka mingi zilichapishwa ng'ambo, Uingereza, India na Japani, kabla viwanda vya kwetu havijaingia katika kazi hiyo. Nani kati yenu amewahi kumwambia mama yake, "Mama, ivue leso hiyo, maua yake ni ya uongo"? Jaribu leo jioni, kisha uje utusimulie.

Sisi wa bara ndio hatukuwa na jagi la maua kabisa. Nyanya zetu walipamba vibuyu kwa michoro na shanga. Wengine walikandika kuta kwa udongo wa rangi mbalimbali, kama wanavyofanya mpaka leo baadhi ya watu wa Magharibi ya nchi. Ua lilibaki shambani likingoja kuwa tunda. Desturi ya kulikata ua likiwa hai, kulitumbukiza majini na kulitazama likifa polepole kwa siku kumi, hiyo tuliletewa na Mzungu pamoja na meza yenyewe. Kwa hivyo mkisema ua la plastiki ni la kigeni, nakubali kwa mikono miwili. Lakini waridi kwenye jagi nalo lina pasipoti ya ng'ambo.

Hebu tutazame basi huo ugeni wa plastiki, kwa sababu historia yake ina mambo. Maua ya kutengenezwa kwa mikono ni ya kale sana: Wachina waliyatengeneza kwa hariri kwa karne nyingi, na huko Ulaya mafundi wa Italia na Ufaransa wakawa na sifa kwa kazi hiyo. Hayo yalikuwa ya matajiri. Ya plastiki, ambayo hata mama wa Karagita anaweza kuyanunua, yalienea duniani kutoka Hong Kong. Huko, mwaka wa 1950, kijana aitwaye Li Ka-shing alianzisha kiwanda kidogo cha vitu vya plastiki, na kabla mwongo huo haujaisha akageukia maua. Yakamtajirisha. Watu wakampachika jina la mfalme wa maua ya plastiki, kisha akaingia katika biashara ya majumba na bandari akawa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa Asia. Lakini nyuma ya mfalme kulikuwa na wanawake na watoto. Familia nyingi za Hong Kong katika miaka ya 1960 zilichukua petali na mashina kutoka viwandani, zikayaunganisha nyumbani usiku, na kulipwa kwa kila ua lililokamilika. Na mwezi wa Mei 1967, mgogoro wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha maua ya plastiki mtaani San Po Kong ulilipuka ukageuka kuwa fujo zilizoitikisa Hong Kong kwa miezi kadhaa. Baadaye viwanda vilihamia China bara, na siku hizi wafanyabiashara huyanunua kwa maboksi katika soko kubwa la Yiwu.

Nimeyataja hayo makusudi. Msemaji mmoja alisema ua la plastiki "halijaguswa na mkono wa binadamu, limetapikwa na mashine." Si kweli. Petali za kitambaa cha polisteri hukatwa kwa mashine, naam, zikatiwa rangi na kukunjwa kwa joto. Lakini mtu fulani huzichomeka moja moja kwenye shina lenye waya ndani yake. Siku ukilichunguza ua hilo kwa karibu utaona petali moja imekaa upande. Huo ni mkono wa mtu aliyechoka.

"Wekeni basi maua halisi," wakasema watetezi, "Kenya si nchi ya maua?" Hapa ndugu msomaji nakuomba uketi vizuri, kwa sababu hapa nina habari za nyumbani. Mimi natoka Naivasha, kilomita kama 90 kutoka Nairobi, na sisi tunakaa Karagita, karibu na barabara ya Moi South Lake inayofuata ukingo wa ziwa. Kilimo cha maua ya kuuza nje kilianza kushika kasi huko miaka ya 1970, na leo ukipita barabara ile unaona nyumba za plastiki nyeupe zimejipanga mpaka macho yanachoka. (Ndiyo, nyumba za plastiki! Waridi halisi huzaliwa ndani ya plastiki.) Zaidi ya theluthi moja ya mawaridi yanayouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya hutoka hapa Kenya. Sehemu kubwa hupelekwa kwanza Uholanzi, na mengine huuzwa katika mnada mkubwa wa Aalsmeer.

Mama yangu ni greda katika shamba moja la maua. Husimama siku nzima mbele ya meza, akichukua waridi moja baada ya jingine. Hulipima shina: sentimita 40 hapa, 50 kule, 60, 70. Huyaondoa majani ya chini, hutazama kama kichwa kimeanza kufunguka, hutafuta doa la kuvu, kisha huyafunga kumi kumi au ishirini ishirini, vichwa vikiwa sawa kama wanafunzi kwenye gwaride. Kutoka hapo maua huingia katika chumba cha baridi, usiku lori linakuja, halafu uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, halafu Ulaya. Januari na mwanzo wa Februari hatumwoni nyumbani mapema, kwa sababu tarehe 14 Februari inakaribia na wapendanao wa huko hawangoji. Maelfu ya mawaridi hupita mikononi mwake kwa wiki. Na yale yanayokataliwa, yenye shina lililopinda au petali iliyochunika, hukatwakatwa yakawa mbolea. Hakuna anayeruhusiwa kutoka nayo. Langoni pana upekuzi. Nisieleweke vibaya, sababu ya sheria hiyo naielewa: yaliyokataliwa yakianza kwenda nyumbani, kesho yatakataliwa mengi zaidi. Naeleza tu hali ilivyo.

Na kwenye meza yetu pale Karagita kuna maua gani? Mawaridi matano ya plastiki, mekundu, katika jagi la udongo. Aliyanunua kwa mchuuzi siku ya mshahara, mwaka nilioanza darasa la kwanza. Rafiki yangu wa hapa shuleni alikuja kututembelea likizo ya Aprili, akayaona, akacheka kwa adabu na kusema, "Mama, nawe unayeshinda na maua halisi kutwa, huku nyumbani unaweka ya plastiki?" Mama alikuwa anamwaga chai. Hakukasirika, wala hakuinua macho kutoka kwenye kikombe. Akamjibu, "Yale ni ya kazini, mwanangu. Haya ni yangu."

Mnielewe. Sisemi kwamba plastiki inalishinda waridi kwa uzuri. Aliyeligusa waridi halisi alfajiri hawezi kusema hivyo, na mama yangu ndiye wa mwisho wa kusema hivyo. Nasema kwamba mtu anayeshika uzuri wa watu wengine kwa saa nane ana haki ya kuwa na uzuri wake mdogo, wa kudumu, usiopekuliwa langoni. Mkitaka kumwuliza mtu kwa nini sebule za Naivasha zina plastiki, msimwulize mwenye sebule. Ulizeni maua ya nchi hii yanalimwa kwa ajili ya nani. Nairobi wapo wauza maua, pale Soko la Jiji kwenye barabara ya Muindi Mbingu kwa mfano, na maua yao ni mazuri kweli. Lakini ni ya harusi, ya mazishi na ya wenye magari. Mtu hatapanda matatu na shada la waridi mapajani kwenda Karagita ambako huenda limetoka juzi.

Mwaka wa 2020 ulitufundisha jambo. Mwezi wa Machi, ugonjwa wa korona ulipofunga maduka ya Ulaya na kusimamisha ndege, mashamba ya maua yalikosa mnunuzi kwa ghafla. Mawaridi yalitupwa kwa tani, mazuri kabisa, marefu, yasiyo na doa. Wafanyakazi kwa maelfu wakarudishwa nyumbani, na mama alikuwa mmoja wao, hajui ataitwa lini au kama ataitwa. Nilikuwa bado shule ya msingi. Nyumbani tulikula mara moja kwa siku wiki fulani fulani. Siku moja nikamkuta akiyaosha yale mawaridi matano katika karai, akiyapanga upya, lile refu katikati, kama vile yanangojewa Uholanzi. Watetezi wa mada hawakuwa na habari hiyo, na siwalaumu.

Kisha kuna suala la maji, ambalo wenye mfereji ndani ya nyumba hawalioni. Jagi la maua halisi linataka maji safi kila baada ya siku mbili au tatu, la sivyo linanuka. Kwetu maji hununuliwa kwa mtungi. Kuna zamu ya kupika, ya kufua, ya kuoga, ya kuosha vyombo. Ua likija kudai zamu yake litaambiwa lingoje, na ua halijui kungoja.

Msemaji wa tatu, yule wa mazingira, ndiye aliyenisumbua zaidi, maana alikuja na tarehe. Alitukumbusha kwamba tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya, akauliza vipi basi tuipige marufuku mifuko na kuyakaribisha maua. Plastiki haiozi, alisema, na ni kweli haiozi. Lakini mfuko ule ulitumika dakika 20 kutoka sokoni mpaka jikoni, ukatupwa, ukaziba mtaro na kumsakama ng'ombe. Mawaridi ya mama yangu yana miaka mingi mezani na hayajaziba mtaro wowote. Mkiyang'oa leso ya chini yake mtaona mahali pale kitambaa hakijapauka, kwa jinsi jagi lilivyokaa siku nyingi. Tena tukifanya hesabu ya haki, waridi halisi lililoko Ulaya limekunywa maji ya Ziwa Naivasha, limenyunyiziwa dawa, limefungwa kwa karatasi ya nailoni, limepanda ndege kilomita zaidi ya 6,000, na baada ya siku kumi liko kwenye pipa. Sidai kwamba ni dhambi. Karo yangu inatoka humo. Nadai tu kwamba anayelipima ua la plastiki kwa mizani ya mazingira alipime na jirani yake.

Hata hivyo, siyatetei maua ya plastiki kila mahali. Makaburini, kwa mfano, sitamani kuyaona. Shada la plastiki likiachwa juu ya kaburi, jua hulipausha, upepo hulirarua, vipande vikatapakaa kwenye nyasi za ng'ombe, na mwaka ukiisha ni takataka juu ya mtu tuliyempenda. Nyumbani ua lina mtu wa kulitunza. Makaburini halina mtu. Pale panafaa mche. Siwatetei pia wale wanaoyapulizia manukato ya chupa ili mgeni adhani ni halisi. Hao ndio wamemtoa mwanasesere wakatengeneza noti. Ua la plastiki lisinukie, likae na heshima yake.

Na vumbi! Hili nalisema kwa wenye nyumba, bila kuwaonea haya. Ua la plastiki lenye vumbi la miezi sita ni mzigo kwa kifua, na mtoto mwenye pumu hapaswi kuketi karibu nalo. Kulisafisha si kazi. La plastiki tupu litumbukize katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, lisuguliwe kwa brashi kuukuu ya meno kwenye mikunjo, lisuuzwe na kukung'utwa. La kitambaa lisilowekwe, kwa maana rangi yake hutoka na waya wa ndani hushika kutu. Lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu tu. Yote yaanikwe kivulini, kwa maana jua la kwetu huzila rangi hizo, na waridi jekundu likirudi ndani limekuwa la rangi ya chai ya maziwa. Na mkitaka kitu hai pia, pandeni asumini mlangoni, au kwenye mkebe. Kiswahili kimetupa ua la kunusa, na ua wa kuzungushia nyumba, na hakuna aliyesema ukiwa na moja usiwe na jingine. Nyumba ya shangazi yangu ina ua wa kayaba nje na maua ya plastiki ndani, na sijaona vikigombana.

Sasa nirudi ofisini kwa karani. Kabla ya barua kutundikwa, hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza yale maua ameyatoa wapi. Mimi nilimwuliza. Aliyanunua kwa pesa zake mwenyewe. Kila Ijumaa alasiri, baada ya mzazi wa mwisho kuondoka, huyaosha kwenye sinki la walimu. Aliniambia kwamba wazazi wanaofika pale kwanza hutazama chini, hasa wenye karo pungufu, na kwamba akaona ni heri wakiinua macho wakute kitu kingine kabla ya kukuta kitabu cha risiti. Mama yangu alifika pale muhula wa kwanza na nusu ya karo. Aliyaona. Akalinyosha moja lililokuwa limeinama, kwa mazoea ya kazi, kisha akafungua mkoba.

Barua ingali ubaoni. Jana nilihesabu sahihi 14, na chama kina wanachama 61. Ikiwa mwalimu mkuu ataambiwa kwamba haya ni maombi ya chama kizima, namwomba ahesabu tena.